Sajenti wa Maganda Matupu

Nina aibu kuisimulia habari hii, na nimeikalia miaka mingi kama mtu anayekalia suruali iliyochanika, lakini kwa kuwa walioiona kwa macho yao bado wapo hapa Durban na kila mmoja anaisimulia apendavyo (Kasongo, kwa mfano, ameongeza ambulensi, na ambulensi haikuwepo), ni afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua sitini, nikiwa mzee wa miaka sitini na mitatu, nililowesha suruali. Na chanzo chake ni neno moja tu ambalo hakuna aliyenilazimisha kulisema.

Mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia nilipata kazi kwenye klabu ya walenga shabaha, nje kidogo ya Isipingo. Kazi yenyewe ilikuwa kupika chai, kufagia na kuokota maganda ya risasi. Hili la maganda lazima nilieleze. Wale watu hawatupi ganda. Risasi ikishapigwa, kichwa chake kinakwenda kwenye shabaha na ganda la shaba linabaki, basi mwenyewe analirudisha nyumbani, analisafisha, analijaza baruti upya, analibandika kichwa kipya, halafu analipiga tena, hata mara saba mara nane, kama mama asiyekubali kutupa chupa ya mafuta. Kwa hiyo mimi niliyaokota na kuyachambua kwenye ndoo, kila aina na ndoo yake, na ole wangu nichanganye.

Kuchambua nilijifunza kwa macho. Mazungumzo yao ndiyo sikuyaelewa hata siku moja. Kila Jumamosi walikaa mezani wakitaja namba, tisa, thelathini na nane, arobaini na tano, mia tatu hamsini na saba, kama watu wanaochagua nyimbo kwenye kitabu cha kanisani. Nilipojaribu kufuata nikaambiwa kwamba tisa na thelathini na nane ni karibu unene mmoja (moja wanaipima kwa milimita, nyingine kwa inchi), na kwamba hiyo thelathini na nane yenyewe ukiipima haifiki thelathini na nane. Nikaacha. Mimi nilikuwa karani wa ghala la pamba kule kwetu Kongo, Uvira, miaka kumi na tisa, na kwangu thelathini na nane ni thelathini na nane.

Wabishi wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza Oom Hennie, Kaburu mkubwa mwenye mikono kama majembe, ambaye ndiye alikuwa msimamizi wa uwanja (Oom ni kama kusema mjomba, na hata wazungu wenzake walimwita hivyo). Wa pili Bwana Pillay, Mhindi mwembamba mwenye duka la dawa pale Isipingo. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, na sikuwahi kuuona ukiisha.

"Rivolva haikwami," Oom Hennie alisema Jumamosi hiyo, akiipapasa yake, bastola ile ya silinda inayozunguka. "Unavuta, inalia. Basi."

"Inalia mara sita halafu unakufa," Pillay akajibu, akigusa yake, aina ile waiitayo pistol, ambayo risasi zake hukaa ndani ya mpini. "Yangu inabeba kumi na tano."

"Kumi na tano za nini? Unapigana na Isipingo nzima?"

"Ukiwajua wateja wangu, Hennie, hutauliza."

Mimi nilikuwa naweka vikombe. Pillay akanigeukia. "Tumuulize Papa, anatoka Kongo. Papa Bahati, kule kwenu mlibeba nini?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na miezi saba pale, na katika miezi saba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza chochote zaidi ya sukari iko wapi. Leo wanaume wawili wazima wamenigeukia, wanangoja maoni yangu. Ningeweza kusema, sijui, mimi nilikuwa karani. Nikasema, "Rivolva. Ile nyingine ikiingia mchanga inakwama." (Maneno hayo nilimsikia Oom Hennie mwenyewe akiyasema wiki moja kabla.)

Oom Hennie alipiga meza hadi chai ikamwagika. "Umesikia? Umesikia? Mtu aliyeona vita! Papa, ulikuwa jeshini?"

"Kidogo," nikasema.

Mtu anakuwaje jeshini kidogo, hata leo sijui. Lakini yeye hakuliona hilo.

"Cheo gani?"

Mdomo ukajibu kabla yangu. "Sajenti."

Basi nikavutiwa kiti. Oom Hennie akanimiminia chai kwa mkono wake, na kuanzia siku hiyo nikawa Sajenti: Sajenti habari za asubuhi, Sajenti unaonaje hii. Nikijibu "Inategemea," wanatikisa vichwa kana kwamba nimefunua siri. Siku moja Oom Hennie akanionyesha mashine yake ya kujazia maganda na mizani yake ndogo ya baruti, akipima punje kwa punje kama sonara, akaniuliza, "Nikikutengenezea risasi zako, utapenda laini au kali?" Sikujua tofauti yake ni nini. Nikaona sajenti hawezi kupenda laini. Nikasema, "Kali." Akacheka kwa furaha, akanitengenezea sita, akazitia kwenye kijiboksi na kukiandika SAJENTI, kwa herufi kubwa.

Tatizo ni kwamba Bwana Pillay alikuwa anapeleka simu zake kutengenezwa kwa Kasongo, kijana wetu wa Kongo mwenye kibanda karibu na stendi ya taxi. Na Pillay, kwa nia nzuri kabisa, akamsifia: nyinyi Wakongo mna sajenti mzima pale klabuni, mnajua? Kasongo hakuwa anajua. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua.

Mtu ambaye hajaishi kati yetu ataona ni kichekesho tu. Siyo. Kwetu karibu kila nyumba ina mtu aliyechukuliwa na watu wenye bunduki, na mzee akijulikana ghafla kwamba alikuwa sajenti, swali linalofuata halisemwi kwa sauti lakini kila mtu analisikia: sajenti wa kikundi gani, na alifanya nini, na kwa nini alificha? Pasta aliniomba nipumzike kidogo kusoma Neno. Watu waliendelea kunisalimia, lakini kwa mbali.

Aliyeniuma ni Mama Riziki. Huyu alikaa ghorofa ya chini yangu pale Umbilo. Tangu marehemu mke wangu atutoke, kila Jumapili jioni nilikuta kwenye mlango wangu sahani ya sombe na bugali (kisamvu na ugali, kwa nyinyi wengine), imefunikwa kwa sahani nyingine, bila maneno. Miaka minne. Mume wake walimtoa nyumbani askari, kule Fizi, na hakurudi. Jumapili ile alinisimamisha kwenye ngazi.

"Papa Bahati, ni kweli ulikuwa sajenti?"

"Mama Riziki, hayo ni maneno tu ya wazungu."

"Kasongo anasema yalitoka kwa kinywa yako."

"Kwa kinywa yangu, ndiyo, lakini..."

"Lakini nini?"

Mngeona nilivyohangaika. Nikisema nilidanganya, Kasongo ataibeba hadi kwa Pillay, Pillay ataibeba kwa Oom Hennie, nami nitarudi kuwa mtu wa sukari, kama kazi yenyewe itabaki. Nisiposema, huyu mama ananiangalia kama anatafuta usoni kwangu mtu mwingine. Nikasema, "Tutaongea." Akashuka ngazi. Jioni mlangoni hapakuwa na sahani.

Kwa wiki tatu sikujua mimi ni nani. Nikipanda taxi Umbilo ni karani, nikishuka Isipingo ni sajenti, na njiani kwenye robot moja hivi (huku taa za barabarani wanaziita robot), nadhani, ndipo nilipokuwa nabadilika.

Ikafika siku ya klabu kukaribisha familia. Na hapa mjue jinsi mambo yanavyojipanga yenyewe: zamani kabla ya haya yote, mimi ndiye niliyemtafutia Mama Riziki nafasi ya kuuza mandazi siku hiyo. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa sababu alishatoa neno lake. Kasongo alimbebea meza, na nadhani alikuja pia kumwona sajenti. Mama Riziki alipanga mandazi yake nyuma ya kamba ya watazamaji, hakunisalimia.

Oom Hennie akachukua kipaza sauti. "Leo ubishi wa rivolva na pistol unakwisha. Tunaye mtu aliyeitumia vitani. Sajenti, njoo!"

Watu walipiga makofi. Nikatafuta njia ya kukimbia, nikaona njia zote zina watu. Nikavikwa miwani, nikafunikwa masikio, na hapo ndipo balaa lilipokamilika, maana tangu hapo sikusikia tena kitu. Oom Hennie alisimama kando yangu, mdomo wake ukifunguka na kufungika kama wa samaki, akinipa maelekezo mimi nikiitikia kila moja. Aliweka risasi moja tu kwenye silinda (Mungu ambariki), kutoka kile kijiboksi chenye jina langu. Kali.

Nilipoipokea, ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliishika kama mtu anayeshika kuku wa watu, karibu na uso, viwiko vimekunjwa. Nikafumba macho yote mawili. Nikavuta.

Sikusikia mlio, nilisikia dunia. Bastola iliruka ikanigonga katikati ya paji la uso. Oom Hennie aliidaka kabla haijaanguka, lakini mimi hakuna aliyenidaka, nikarudi nyuma hatua tatu nikipiga kelele "Mama yangu weee!" nikakalia ndoo zangu. Ndoo nne. Wiki nzima ya kuchambua. Maganda yalimwagika yakikimbia sakafuni kila upande, tisa kwa thelathini na nane kwa arobaini na tano, na wanachama, nawaambia ukweli, kabla ya kuniuliza kama niko hai, walishika vichwa vyao. Mmoja, nilikuja kuambiwa, alilia, "Shaba yangu!"

Kisha nikahisi joto kwenye mapaja. Nilidhani ni damu. Nikaangalia. Haikuwa damu.

Kicheko kilianzia kwa watoto. Nilivua vile vya masikioni na kikaniingia chote kwa pamoja. Oom Hennie alikuwa amepiga goti mbele yangu, mweupe kuliko kawaida yake. "Sajenti? Sajenti, vipi?"

"Siyo sajenti," nikasema. "Oom, mimi sijawahi kushika bastola. Nilikuwa karani wa pamba."

Aliiangalia ile rivolva mkononi mwake, akaniangalia mimi. Hakucheka. "Papa," alisema polepole, "nimekupa risasi kali namna ile kwa sababu nilikuamini. Ningekuua. Au ungeua mtu hapa." Akainuka akaenda zake, na lile liliniuma kuliko paji la uso, kwa sababu alikuwa sahihi.

Ndipo nikaona kitenge kinashuka mabegani mwangu. Mama Riziki alikuwa amepita chini ya kamba. Alinisimamisha, akanifunga kile kitenge kiunoni kama anavyofungwa mtoto aliyetoka kuoga, na mabega yake yakaanza kutikisika, kumbe anacheka, mama huyu ambaye kwa wiki tatu hakunipa hata salamu, anacheka hadi machozi.

"Eish, Papa Bahati! Wewe hata bata haujawahi kuchinja!"

"Sijawahi, Mama."

"Kasongo!" aliita. "Njoo uone sajenti yako!"

Kasongo alikuwa amelala juu ya meza ya mandazi kwa kicheko. Halafu Mama Riziki akaacha kucheka, ghafla, na akaniambia kwa sauti ndogo, "Mume wangu walimchukua watu wa cheo hicho. Wewe umekivaa sawa na kofia, ili upewe kiti." Akarudi kwenye mandazi yake.

Nilibaki na kitenge kile hadi jioni, nimekaa sakafuni, nikichambua ganda moja moja. Kazi sikufukuzwa. Oom Hennie hakuongea nami kwa mwezi mmoja, kisha siku moja akaniomba sukari, nikajua tumepatana.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na sahani mlangoni. Nilikifua kitenge, nikakipiga pasi, nikashuka mwenyewe ghorofa moja (ngazi kumi na nne, ziliniwia ndefu) nikagonga. Nikamweleza yote, hata lile neno "kidogo," hata namna kile kiti kilivyonipendeza. Na kwa sababu aliniuliza pia mambo ya Uvira, nikamwambia siku zile walipopita watu wenye bunduki mimi nilijificha nyuma ya marobota ya pamba, nikitetemeka, na sikumsaidia mtu. Aibu hiyo sikuwahi kumwambia yeyote. Alinisikiliza amesimama mlangoni. Akachukua kitenge. Akasema, "Ngoja," akaingia ndani, na nikasikia vyombo jikoni.

Alirudi na sahani mbili, moja imefunika nyingine.

Siku hizi Bwana Pillay bado ananitania. Wakifika pabaya kwenye ubishi wao ananigeukia, "Sajenti, rivolva au pistol?" na meza yote inaningoja kama siku ile, na nakiri kwamba hata sasa mdomo unawasha. Ninamjibu, "Bwana Pillay, sijui. Mimi ni wa maganda," halafu ninaondoka haraka na birika langu kabla sijapewa kiti.