Paka Asiyeweza Nyasi

Binti yangu alipohamia Dodoma kikazi aliniachia paka wa Kiajemi. Ni mweupe, manyoya marefu mpaka miguu haionekani, uso bapa kama aliyezaliwa ameegemea ukuta, na macho yanayotoa machozi kila asubuhi hata kama hana la kulilia. Tabia yake ni ya mtu aliyestaafu. Haruki, halii ovyo, hana habari na mjusi. Anataka kimya, mto na kuchanwa kila siku, maana ukiruka siku manyoya yanafunga mafundo hadi kwenye ngozi. Mimi nafundisha kutwa, nafika nyumbani Bilele, mjini, miguu inawaka moto, namkuta amelala juu ya kitana chake, ananisubiri.

Jumamosi nayo ilikuwa ya Muleba, kwa mama. Anaishi peke yake kwenye kibanja chetu, na tangu alipoteleza akaanguka kati ya migomba, simu ikiita moyo wangu ulikuwa unashtuka. Nilimsihi ahamie kwangu mpaka nikachoka kusihi. Jibu lake lilikuwa lile lile: mjini atafanya nini, akae kwenye kochi aletewe chai kama mgonjwa?

Aliposema panya wanamaliza maharage, nikaona nimepata pa kumtua yule paka. Nikampeleka ndani ya tenga. Mama alikuwa ametandika nyasi mpya sebuleni, kama tunavyomtandikia mgeni wa heshima. Mgeni akajinyoosha juu yake, akageuka huku na huku, na kufikia saa kumi alikuwa amezoa nusu ya sakafu. Panya alipita pembeni. Paka akamtazama, akafumba macho.

“Waitu,” mama alisema huku akicheka, “umeniletea bibi harusi.”

Kisha akampakata, akaanza kumtoa nyasi, unyasi mmoja mmoja, kwa vidole vilivyozoea kuchambua kahawa. Paka ambaye kwangu hukunja uso nikimgusa tumbo alilala chali. Nikawaacha hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilikuta sebule tupu, imefagiwa. Nilikuwa sijawahi kuiona sakafu ile bila nyasi, na niliogopa sana. Lakini mama alikuwepo, ameketi mkekani, paka mapajani anang'aa, na kando yao furushi la nguo limefungwa.

“Huyu hawezi nyasi,” alisema. “Arudi kwako kwenye vigae.”

“Mama, nani atamchana? Mimi nimechoka.”

“Najua umechoka, mwana wange. Nakuona kila ukija. Ndiyo maana nimefunga mzigo. Migomba jirani ataitazama.”

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu tupu, nikalia. Mama hakunibembeleza. Aliniacha nilie, akaendelea kumchana paka.