Blauzi ya Vifungo Kumi na Viwili

“Ni wewe, Danka! Vidole vyako vya haraka ndivyo vilivyoniponza!”

Bi Gienia alikuwa mlangoni kwangu, barua kaibana kwapani kwa sababu mikononi haikai. Daktari wa ofisi ya pensheni alikuwa ameandika: “Amefika nadhifu, nywele zimesukwa, blauzi ya vifungo kumi na viwili imefungwa yote. Anajihudumia mwenyewe. Anafaa kufanya kazi.” Kwa maneno hayo, pensheni yake ya ulemavu, aliyokuwa akiila miaka minne, ikakatwa.

“Ulitaka nikupeleke na gauni la kulalia?” nikamjibu.

“Ningeenda nalo, leo ningekuwa na mkate!”

“Ungekufa kwa aibu kabla hujafika kituo cha basi. Kwani sikujui?”

Kwetu mtu haendi ofisini na nguo za jikoni; anavaa za kanisani.

Genowefa Wrzos, ndiye huyu Bi Gienia, aliingia kiwanda cha mashati cha mji wetu, nje kidogo ya Łódź, akiwa na miaka kumi na saba. Miaka ishirini na minane alishona kola, kola tupu. Alipenda kusema amewavisha shingo nusu ya wanaume wa Poland na hakuna hata mmoja aliyemshukuru. Kisha kiwanda kikafungwa, mume akazikwa, na vidole vikapinda kama karoti zilizoota kwenye mawe. Tangu hapo kila asubuhi nilishuka ghorofa moja kumfunga vifungo, kumsuka nywele na kumfungulia kopo la matango.

Nikampeleka ofisini ili nikapige kelele. Nyuma ya kioo alikaa binti mwenye mafua. Akatuacha tumalize, akapenga kamasi, akasukuma karatasi tupu.

“Mama zangu, mimi si daktari. Andikeni rufaa, mniletee hapa hapa, ofisi itaipeleka mahakamani. Hamlipi kitu. Siku thelathini, si thelathini na moja.” Akashusha sauti. “Na mimi sijasema neno.”

Jina lake sikuliuliza, nami najuta, maana ningemwombea kwa jina.

Niliandika mimi. Elimu yangu ni ya msingi, basi niliandika ninachokijua: nashuka saa ngapi, nafunga nini, nani anamkatia nyama. Bi Gienia akatia sahihi mwenyewe. Ilimchukua robo saa, ikatoka kama kuku amepita kwenye majivu.

Mahakama ikamtuma kwa daktari wa viungo iliyemchagua yenyewe. Yule wa ofisi alimtazama dakika kumi. Huyu alimshika mikono saa nzima. Mwishowe akavua koti lake jeupe, akamwambia afunge kifungo kimoja tu. Bi Gienia alihangaika hadi jasho likamtoka, kisha machozi.

“Basi, mama, imetosha,” akasema, akalichukua koti lake taratibu.

Siku ya kesi, mwezi wa Novemba, Bwana Zenon wa ghorofa ya chini alitupeleka kwa gari lake.

“Petroli nitakulipa nikishinda,” Bi Gienia akamwambia.

“Na ukishindwa?”

“Utanidai mbinguni.”

Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Mwanasheria wa ofisi akasema lile lile: alifika nadhifu. Jaji akainua macho.

“Blauzi hiyo alifunga nani?”

Nikasimama. “Mimi, Mheshimiwa. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijaenda bekari. Hata hii aliyovaa leo.”

“Na ilibidi ufunge vyote kumi na viwili?”

“Mheshimiwa, nani anampeleka jirani yake serikalini kifua wazi?”

Mwanasheria akajikohoza ndani ya makaratasi yake. Jaji hakucheka, ila aliandika, nami niliiona kalamu ikitembea.

Hukumu ilikuwa fupi. Ofisi ilikagua nguo, akasema jaji. Mahakama imekagua mikono. Pensheni irudishwe kwa miaka mitano, pamoja na miezi yote iliyokatwa. Bi Gienia akaniuliza kwa mnong'ono kama ameshinda, kwa kuwa hakuyaamini masikio yake.

Nimewasema majaji maisha yangu yote, na huenda nitawasema tena. Lakini huyu aliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza, na kwa swali hilo rafiki yangu anakula. Mungu amlinde.

Pesa zilipoingia, kabla hata ya kununua dawa, Bi Gienia aligonga kwa kiwiko mlango wa Bwana Zenon, noti ya zloti hamsini imechomoza mfukoni.

“Ichukue mwenyewe. Ni ya petroli.”

“Petroli gani? Siku ile nilikuwa naenda mjini kwa shughuli zangu. Kununua mbegu za viazi.”

“Mbegu za viazi? Novemba? Viazi hupandwa Aprili!”

“Napenda kuwahi,” akasema Bwana Zenon, akaisukuma noti ikazama mfukoni.