Chupa za Marehemu Jean-Pierre

Maman Victorine, jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa ughaibuni, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, alimfanyia mumewe matanga ya Fanta. Ilikuwa majira ya baridi ya 2011. Jean-Pierre, aliyekuwa akiosha glasi kwenye mgahawa wa Mgiriki mmoja kule mtaa wa Uccle mpaka mapafu yalipomshinda, alikuwa mtu wa divai, na watu wa kwao Bukavu waliojaa ukumbini walibaki kutazamana. Lakini Victorine ni shemasi katika kanisa la uamsho, na akishasema hakuna pombe, hakuna. Hata tone la kumwagia marehemu chini halikupatikana.

Baada ya mazishi kikohozi kikaanza. Kila jioni, giza likishaingia, pale dirishani alipozoea kukaa mumewe. Mimi, Mtanzania nisiyeamini mambo hayo, nilipanda juu ili nikacheke. Nikakisikia kwa masikio yangu. Nilishuka ngazi mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Dafrosa, Jean-Pierre iko anadai vin yake," aliniambia kesho yake. "Ile ya Grèce, ya kwa ule Mgiriki. Donc utanisindikiza. Batu ya kanisa bakiniona, nimekwisha."

Tulikwenda Uccle yeye kajifunika kitambaa mpaka puani, utadhani tunakwenda kuiba. Mgiriki alimkumbatia, kisha akauliza: ipi? Maana zabibu aliyoipenda Jean-Pierre, alieleza, ni nyeusi ya kwao, inaitwa agiorgitiko, na haina ubishi na mtu. Ukiiondoa maganda mapema inakupa divai ya rangi ya waridi. Ukiiharakisha, nyekundu nyepesi. Ukiilaza kwenye mapipa ya mbao, inatoka nzito ya kukaa miaka. Ukiianika juani kwanza, inakuwa tamu, ya kunywa baada ya chakula. Mzabibu ni uleule.

Victorine hakujua ipi. Akalia palepale, mbele ya wateja.

"Alikuwa anasemaka juu ya hii zabibu kila siku," alisema. "Mi naongeza tu sauti ya radio."

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Miaka yote ya ndoa!

Mgiriki alimpa aina tatu zilizokuwa rafuni. Ghorofa ya tatu haina udongo, kwa hiyo Victorine alimimina kwenye chungu cha maua karibu na dirisha, akimwita mumewe kwa jina. Akamimina ya waridi, kikohozi. Siku nyingine nyepesi, kikohozi. Ile nzito ilifanya kikohozi kizidi, na ua likafa. Kufikia hapo Victorine alikuwa hapati usingizi, hali chakula, na kanisani alianza kusahau zamu zake. Niliogopa tutamzika na yeye.

Tukarudi Uccle kuomba ile tamu. Mgiriki aliitoa chini ya kaunta, ina vumbi.

"Hii Jean-Pierre hakuipenda, alisema inamuuma meno," alisema. "Lakini kila Krismasi aliinunua ampelekee mkewe, kwa sababu mkewe anapenda vitamu. Akifika mlangoni anaogopa. Kesho yake ananirudishia."

Ndani ya tramu Victorine aliipakata chupa. Nyumbani hakukitazama chungu. Alichukua kikombe cha chai, akajaza, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Kikohozi kilikuwa kimeshaanza. Akanywa, shemasi mzima, funda moja, jingine. Kikohozi kikakatika katikati.

"Iko sukari, Jean-Pierre," alisema. "Iko sukari sana."

Tulingoja. Hapakuwa na kitu tena ila gari zikipita barabarani.

Kikohozi cha Jean-Pierre hakijarudi mpaka leo. Nilidhani Victorine atapumua sasa, alale, anenepe. Lakini jioni nikiwa jikoni kwangu, nasikia huko juu mwanamke akikohoa, kikohozi cha kujilazimisha, halafu ananyamaza kwa muda mrefu, akisikiliza kama atajibiwa.