Nilipoandika Kwamba Hawana Adabu

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni, ingawa mengi ya miaka ile yamekwisha kunipotea. Nimechoka siku hizi, na sikusimulii haya kwa kujifurahisha. Nimesikia umepata kazi ya kuzunguka vijijini na kuandika habari za watu. Ni kazi nzuri, na namshukuru Mungu kwa ajili yako. Mimi niliifanya siku moja tu, nikiwa na miaka ishirini na sita, na kwa siku hiyo moja naomba msamaha mpaka leo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katika kijiji kilicho pembeni mwa barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mashamba ya mkonge upande wa Kimamba yalikuwa yamelala. Watu waliokata mkonge tangu ujana wao walianza kupanda mahindi kati ya mistari ya mikonge iliyozeeka, na wengine wakauza mitumba karibu na stesheni. Michango ya shule ilikuwa imerudi, na wazazi wengi hawakuwa nayo. Darasani kwangu watoto walikaa sakafuni, wakiandikia mapajani. Kwa hiyo lilipokuja gari jeupe la mradi na kutuahidi madawati, hakuna aliyeuliza maswali mengi.

Watu wa mradi walitaka wao ndio waulize. Walituachia fomu ya kueleza wakazi wa kijiji, hasa wale wageni. Wageni walikuwa familia za wafugaji zilizohamia bondeni mwaka uliotangulia. Sisi tuliwaita Wamasai wote. Wenyewe walijiita Waparakuyo, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuandika. Watoto wao watatu walikuwa wameombewa nafasi darasa la kwanza: msichana aitwaye Nasieku, na wavulana wawili wa baba yake mkubwa.

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. "Mwandiko wako unasomeka," alisema. "Nenda ukawaone, utuandikie ni watu wa namna gani. Kamati ya shule itaamua kwa maandishi yako."

Nilifurahi kuchaguliwa. Nakuambia hili ili ujue kwamba sikwenda kule na nia mbaya.

Sasa lazima nikueleze nilikotoka. Nilizaliwa milimani, katika nyumba ya katekista. Kwetu mtoto wa kike hakumwamkia mkubwa akiwa amesimama. Alipiga goti kwanza, ndipo akatoa shikamoo yake, na isiposikika vizuri alirudishwa nje aingie upya. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa mara nne mbele ya mgeni wa baba, mpaka mgeni akaanza kunihurumia. Nilikua nikiamini kwamba adabu ni kitu kinachosikika. Kama hukisikii, hakipo.

Nilifika bondeni jua likiwa limepanda kidogo. Baba yake Nasieku, mtu mmoja mrefu mpole aitwaye Saning'o, ndiye peke yake aliyejua Kiswahili cha kutosha, naye alikuwa bado na ndama upande wa pili wa boma. Bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba. Nilimwamkia, akajibu kwa lugha yake. Kisha msichana wa kama miaka minane akatoka ndani, akanijia moja kwa moja, akasimama mbele yangu na kuinamisha kichwa. Utosi wake ulikaribia kunigusa kifuani. Hakusema neno.

Nilingoja. Aliinua macho, akanitazama, akainama tena.

"Haya, amkia," nilimwambia. "Sema shikamoo mwalimu."

Akainama mara ya tatu, akakaa hivyo muda mrefu zaidi. Nilidhani ananificha uso. Nikampita pembeni, nikaenda kuhesabu nyumba.

Bibi akaniletea maziwa ndani ya kibuyu. Yalinuka moshi. Nikasema asante, nikagusa mdomo tu na kurudisha kibuyu. Saning'o alipofika nilimuuliza maswali ya fomu, akajibu yote kwa uvumilivu, nikaondoka mapema ili niwahi kipindi cha mchana.

Niliandika jioni ile ile mezani kwangu. Penye Usafi niliandika kwamba vyombo vyao vya maziwa vinanuka. Penye Dini nilipiga mstari tu, kwa kuwa sikuona kanisa wala msikiti. Penye Adabu niliandika sentensi ninayoikumbuka neno kwa neno: *Hawana. Watoto hawajafundishwa kuamkia wakubwa.* Nikatia sahihi. Mwalimu Mkuu akasoma, akasifu mwandiko, akapiga muhuri.

Kamati ilikaa wiki ile. Mwenyekiti alisoma maneno yangu kwa sauti, akashusha miwani.

"Watoto wa namna hii tutawaweka wapi jamani?" akasema. "Si watatuharibia na wetu?"

Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyependa kuchekesha, akajibu, "Waacheni mwaka huu wajifunze shikamoo kwa ng'ombe. Ng'ombe akiitika marahaba, ndipo waje."

Watu wakacheka. Mwanangu, na mimi nilicheka. Watoto wote watatu wakaahirishwa mpaka mwaka mwingine, na aliyepelekwa kuwaambia alikuwa mtu mwingine, si mimi. Sikujiuliza hata mara moja walipokeaje.

Miezi miwili ikapita. Siku moja nilimpeleka mtoto wangu wa kwanza zahanati, ana homa. Alikuwa na miaka minne. Kwenye benchi la kungojea nikawakuta Saning'o na mama yake, yule bibi wa maziwa, naye anaumwa kifua. Mtoto wangu, na homa yake ile ile, akasogea mbele ya bibi na kusema shikamoo kama nilivyomfundisha. Bibi alitabasamu. Akanyoosha mkono, akamwinamisha kichwa taratibu, akaweka kiganja chake utosini na kukiacha hapo kidogo, akisema maneno mawili matatu.

"Anamfanyaje?" nilimuuliza Saning'o. Nilidhani ni dawa.

"Anamwamkia tu, mwalimu. Mtoto anatoa kichwa, mkubwa anaweka mkono. Asipoweka, mtoto anabaki amesimama pale." Akanitazama kwa mshangao. "Kwani kwenu haipo?"

Bibi alikuwa ameanza kusema, akinionyesha kwa kidevu. Saning'o alisikiliza, akageukia dirisha la dawa.

"Anasema nini?"

"Aa, mwalimu, ni mambo ya wazee."

"Niambie tu."

"Usikasirike basi. Anauliza kama wewe ndiye yule aliyemwacha Nasieku na kichwa chini mara tatu. Mtoto aliingia ndani akalia, akauliza amekosa nini. Bibi akamwambia, hujakosa. Watu wale hawajafundishwa."

Mwanangu, lilikuwa neno langu mwenyewe. Bibi hakuwahi kuiona fomu, wala asingeweza kuisoma. Alinitazama mimi kwa dakika chache kama nilivyowatazama wao, akaona kasoro ile ile niliyoiona mimi, na akaieleza kwa maneno yale yale. Tulikosea sawasawa. Ila kosa lake liliishia kwenye kumbembeleza mtoto anayelia. Langu lilikuwa na muhuri.

Jumapili iliyofuata nilikuwa na zamu ya kufundisha watoto kanisani, na somo lilikuwa amri ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Nilikuwa nimelifundisha kwa miaka. Siku zote nilieleza habari za mahakama, na mtu anayemsingizia mwenzake wizi. Siku ile nilisimama mbele ya wale watoto nikashindwa kuendelea. Kila nilichoandika nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Kibuyu kilinuka moshi kweli. Mtoto hakusema shikamoo kweli. Na bado ulikuwa ushuhuda wa uongo, na mwenye kuutoa alikuwa mimi, binti wa katekista. Niliwaimbisha watoto wimbo mmoja, nikawaruhusu kabla ya wakati.

Kesho yake nilimwendea Mwalimu Mkuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya meza.

"Mwalimu," akasema, "fomu imeshakwenda."

"Niandike nyingine."

"Utaandika nini? Kwamba ya kwanza ulidanganya? Na madawati tuyasahau?"

"Nitaandika kwamba sikujua nilichokuwa nakitazama."

Alifikiri sana, mzee wa watu. Hakuwa mtu mbaya. Mwishowe aliniruhusu kwenda bondeni tena, ila baada ya saa za kazi. Safari hii nilikaa. Bibi alinionyesha jinsi wanavyosafisha kibuyu kwa kusugua ndani yake kijiti kinachowaka, na moshi ule ndio unaofanya maziwa yasiharibike. Nilichoandika kuwa ni uchafu ndio uliokuwa usafi wao. Nilimuuliza kama wanaomba. Akacheka mpaka akakohoa, kisha Saning'o akanifasiria: "Anauliza, sasa hawa ng'ombe na watoto unadhani nani anatulindia?"

Nilisimama mbele ya kamati na kueleza yote. Ilikuwa aibu, sitakuficha. Mwenyekiti alinitania, "Eti mwalimu, walikupa maziwa nini?" Nikamjibu kwamba walinipa tangu siku ya kwanza, nami nikayakataa. Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa reli alikuwa akitazama kofia yake magotini. Kisha akasema, "Basi waje Januari," na wengine wakakubali.

Ningependa nikuambie kwamba ikaisha hivyo. Januari alikuja Nasieku peke yake, akiwa mrefu kuliko darasa zima. Baba yake mkubwa alikataa kuwaleta wale wavulana wawili. Nilikwenda kwake mara tatu. Kila mara alinipokea vizuri, akanipa maziwa, nikanywa, akaniuliza habari za nyumbani, na kila mara jibu likawa lile lile. "Wanangu walikataliwa mlangoni, na kikao chenu kikawacheka. Sitawarudisha hapo wachekwe tena." Nami nilikuwepo walipochekwa.

Nasieku alimaliza la saba. Sasa anauza dawa za mifugo Mikumi, na watoto wake wanasoma, Mungu ni mwema. Mmoja wa wale wavulana alihama na ng'ombe, sijui yuko wapi. Mwingine bado yupo bondeni, naye amekwisha kuota mvi. Kikitokea kikao cha ardhi au barua ya ofisi, huja kwangu na karatasi ameikunja mfukoni, nimsomee kabla hajaweka dole gumba. Namsomea polepole, mara mbili, hata macho yanapokataa. Miaka kadhaa iliyopita nilimwambia kwamba ni mimi niliyeandika. Akaikunja karatasi yake. Akasema, "Ulikuwa bado kijana, mwalimu." Mwezi uliofuata alikuja tena na karatasi nyingine. Nadhani hana mtu mwingine wa kumsomea.

Basi nikuambie ninachotaka ukishike. Kila kalamu yako itakapotaka kuandika kwamba watu fulani hawana kitu, hawana adabu, hawana usafi, hawana dini, iweke kalamu chini. Mara nyingi kinachokosekana ni swali ambalo wewe hukuliuliza. Uliza kwao kitu hicho kinaitwaje na kinafanywaje, na umuulize mtu wa pale, usiwaulize majirani wanaowalalamikia. Ukiwa huna mkalimani, ngoja amalize na ndama wake. Mimi ningengoja nusu saa tu. Andika ulichokiona, kisha andika na usichokijua, hata kama fomu haina nafasi yake. Pembeni pa karatasi panatosha. Na kabla haijapigwa muhuri, wasomee wenyewe ulichoandika juu yao. Ukiona aibu kuwasomea, ujue hapo pana kasoro. Usidhani kwamba kumpenda Mungu kutakukinga, maana nilimpenda siku ile kama ninavyompenda leo. Wala usidhani kwamba kukiri kutarudisha kila kitu. Kiri hata hivyo, na mapema.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kutangulia mkono wako. Akupe watu watakaokuambia ukweli bila kukuogopa, kama alivyonipa mimi yule bibi. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, akujalie uwakute uliowakosea bado wapo mlangoni, wote, hata yule wa mwisho.