Sahihi ya Mkate na Soda

Wiki iliyopita nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa ametoka Endebess kwa matatu ya kwanza. Alitaka kuona bajeti, ajue kama zahanati ya kwao imo.

Karani akamwuliza jina, akafungua faili, akaigeuza kumwelekea na kuweka kidole kwenye mstari. "Si hili ni jina lako, mama? Hawa ndio wananchi walioikubali."

Mama akainama hadi pua ikakaribia karatasi. "Lakini hiyo nilisaini ya mkate na soda. Siku ile ya mkutano kanisani walisema kila mtu asaini ndio apewe."

"Ni hiyo hiyo."

"Sasa nionyeshe hiyo kitu nilikubali."

"Bado iko kwa kamati ya waheshimiwa, mama. Hao wanakaa milango ikiwa imefungwa."

"Basi toa jina yangu."

Karani alifunga faili polepole, bila ubaya wowote. "Jina likishaingia halitoki."

Mama akafunga leso yake upya, akaondoka.

Nimeandika kuhusu uwazi serikalini miaka mingi. Zamu yangu ilipofika niliuliza swali lile lile, nikapewa jibu lile lile. Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka kwamba asubuhi, pale langoni, askari alinisukumia daftari nami nikasaini haraka ili nipite. Sikusoma juu ya ukurasa kumeandikwa nini.