Vidoti Mgongoni mwa Kura

Chuoni walimwita Fundi Viti, na kila msimu wa uchaguzi mzaha ulikuwa uleule: wenzake wanagombea viti, yeye anavisuka. Naye alicheka kila mara, maana mzaha wa bure ni afadhali kuliko huruma ya bure. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na mkononi kovu la kisu cha kukatia henzirani, ufito wa kusukia viti. Macho yake yalizimika akiwa na miaka ishirini na sita, baada ya homa ya wiki mbili. Tangu hapo aliona kwa vidole. Ukimpa fremu ya kiti, alipitisha kidole gumba pembeni mara moja tu, akakuambia ina matundu mangapi na ni lipi lililotobolewa vibaya.

Alikuwa mwaka wa pili wa kozi ya ualimu wa ufundi. Karakana moja ilikuwa imemwahidi kazi ya kufundisha akipata cheti, na mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu. Maandishi ya nukta nundu ya wasioona hakuwahi kujifunza. Alisoma kwa masikio. Kila siku saa saba mchana alikaa kwenye kona ya maktaba, na binti mmoja wa darasa lake akamsomea kitabu kwa saa nzima. Binti huyo walimwita Spika, kwa sababu ya sauti, na kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alisoma vizuri, haruki mstari, wala hakungoja asante. Bila yeye, Fundi hakuwa na mtihani.

Sasa Spika akagombea urais wa serikali ya wanafunzi, na hapo ndipo shughuli ilipoanzia, kwa sababu Fundi hakutaka kumpigia kura.

Alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja, lakini kumpenda mtu ni jambo moja na kumpa nchi ni jambo jingine. Spika alijua kusema, kusikiliza bado. Mpinzani wake mkubwa, kijana mkimya wa kozi ya mabomba, alikuwa ameahidi kitu kimoja tu: maktaba ifunguliwe Jumamosi, ili wanafunzi wenye vibarua katikati ya wiki nao wapate kusoma. Fundi alikuwa ameliomba jambo hilo mwaka mzima. Spika alipoambiwa, alijibu kwamba litaangaliwa.

Utasema, si kura ni siri? Ni siri kwa wenye macho. Mwaka uliotangulia Fundi aliingia kituoni, akapewa msimamizi wa kumsaidia, akamnong'oneza jina, msimamizi akatia alama. Kufika saa tisa mpishi wa kantini alikuwa akimuuliza, "Kumbe ulimpa yule?" Msimamizi alikuwa kijana mwema, ila alikuwa hajui kwamba mtama haumwagwi penye kuku wengi. Mgombea aliyenyimwa alipita mbele ya Fundi muhula mzima bila salamu, akidhani kipofu hatambui viatu. Fundi alivitambua vizuri sana. Cha kulia kilikuwa kinalia.

"Mwaka huu sipigi," alimwambia mkewe. "Nikimpa Spika, najidanganya mwenyewe. Nikimnyima, habari itamfikia kabla sijafika nyumbani, na mtihani ndio huo."

"Si umpe tu, yaishe."

"Nimpe kwa woga? Ndiyo maana nasema sipigi."

Mkewe hakubishana. Alichofanya ni kwenda kumweleza rafiki yake wa siku nyingi, mama mtu mzima aliyekuwa akisoma ushonaji chuoni hapohapo na aliyekuwa ameingizwa kwenye kamati ya uchaguzi. Wote walimwita Mama Cherehani. Jumanne akamkuta Fundi kwenye kibaraza cha karakana, miguu imezungukwa na vipande vya henzirani.

"Shemeji, nipe kidole."

Akakishika, akakiweka juu ya karatasi. Chini yake palikuwa na mstari wa vidoti vilivyovimba, vidogo kama chembe za chumvi. Fundi akaufuata. Mstari ulizunguka ukafanya kisanduku. Chini yake kisanduku cha pili. Chini yake cha tatu.

"Nimetumia hiki," akasema, akamtia mkononi kigurudumu chenye meno na mpini wa mbao, kile ambacho washonaji huhamishia alama kwenye kitambaa. "Napitisha kwa nyuma, vidoti vinatokea mbele. Wagombea watatu, visanduku vitatu. Pembe ya juu kulia nimeikata ujue juu ni wapi. Mlangoni unasomewa majina kwa mpangilio, halafu unaingia peke yako."

Peke yako. Fundi alikuwa hajalisikia neno hilo siku nyingi bila kufuatiwa na "usije ukaanguka". Akapitisha kidole mara ya pili, taratibu, kisha kidole kikasimama.

"Na karatasi za wengine?"

"Za wengine za nini? Wao si wanaona."

"Yaani yenye vidoti ni yangu tu."

"Yako tu, shemeji. Nimehangaika nayo saa nzima."

"Basi watakapomwaga sanduku mezani, karatasi hii itanyoosha mkono iseme, mimi hapa, mimi ya Fundi."

Mama Cherehani akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma. "Nimekata nguo bila kupima mtu," akasema mwishowe.

"Zote ni ngapi?"

"Mia sita na kumi na mbili."

"Basi acha, dada. Umefanya la kutosha."

"Niache nini? Nguo ikikatwa vibaya haitupwi, inakatwa upya."

Mwenyekiti wa kamati, kijana wa kozi ya uhasibu mwenye haraka zake, hakulifurahia wazo hilo hata kidogo. "Mama, karatasi mia sita kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mwanangu, ya mtu mmoja nilishaimaliza. Hizi nyingine ni za kumficha."

"Lakini ujumuishi tumeshaushughulikia. Tumeweka bango kubwa getini, 'Hakuna Anayeachwa Nyuma'."

"Bango ambalo yeye halioni."

Mwenyekiti akakuna kichwa. Shingo upande, akamkabidhi pakiti ya karatasi za kura.

Alhamisi baada ya vipindi, darasa zima la ushonaji likatandika mablanketi juu ya meza za kukatia, mikasi ikakata pembe, vigurudumu vikaanza kazi, na maneno pia, maana washonaji hawajui kufanya kazi kimya. Fundi aliitwa kukagua. Alikaa mwisho wa meza, akipitisha kidole kwenye kila karatasi, kama anavyokagua matundu ya fremu, na akazikataa kumi na tisa. "Hii cha pili kimepinda. Hii mmetoboa kabisa."

"Huyu mtu ana macho kuliko sisi," mmoja akalalamika, huku akichukua karatasi mpya.

Ijumaa foleni ilizunguka jengo la utawala. Waliotoka mbele walisikika wakiulizana vidoti ni vya nini, na mmoja akajibu kwa uhakika mkubwa kwamba ni vya kuzuia wizi wa kura. Nyuma ya Fundi alisimama mwanafunzi wa useremala, mtu mzima mwenye wajukuu, akamsogelea sikioni.

"Fundi, hivi vidoti na mimi naruhusiwa kuvitumia? Herufi ndogo siku hizi zinanikimbia. Usimwambie mtu."

"Tumia tu. Nani atajua?"

Alisomewa majina: cha juu Spika, cha kati kijana wa mabomba, cha chini binti wa upishi. Akaingia nyuma ya pazia. Hakuna aliyemshika kiwiko, na hakuna aliyepumua karibu na shingo yake. Akatafuta pembe iliyokatwa, akavipitia visanduku vyote kutoka juu hadi chini. Akavipitia mara ya pili, bila haraka, maana hakuna aliyekuwa akimtazama. Akatia alama. Barua zake, ujumbe wa simu yake, vyeti vya daktari, matokeo ya mitihani, vyote kwa miaka kumi na saba vilipitia kwa mtu mwingine kabla ya kumfikia yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwake yeye kata haikuwahi kukosa. Karatasi hii haikuwa na kata. Akaikunja, akaitumbukiza mwenyewe, akatoka nje akiwa mwepesi mpaka akasahau fimbo, ikabidi arudi.

Jioni mkewe alimuuliza kampa nani.

"Sikwambii."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mkewe alinuna kwa muda wa kumenya vitunguu viwili. Cha tatu kikamkuta anacheka.

Jumatatu asubuhi matokeo yakatangazwa: kijana wa mabomba ameshinda, Spika amekosa kwa kura saba. Mama Cherehani akapita karakana mbiombio. "Nimezishika zote kwa mikono hii, shemeji, na nakuapia yako siijui. Na nilitamani kuijua, nisikudanganye."

Hilo lilimpoza Fundi nusu tu. Saa saba alikuwa maktaba, kwenye kiti alichokisuka mwenyewe, vidole vikihesabu matundu chini ya ukingo. Saa saba na dakika tano. Saa saba na kumi. Akaanza kuwaza nani mwingine anaweza kumsomea, na hakumpata. Ndipo viatu vya Spika vikasikika, bila haraka. Kiti kikavutwa. Salamu hakuna.

"Fundi." Sauti ilikuwa ya chini, Fundi hakujua kama binti huyu anayo ya chini. "Ulinipigia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, na duniani hapakuwa na mtu wa kuuumbua. Akaumeza.

"Kura yangu iko sandukuni pamoja na za wenzangu, mdogo wangu. Sikwambii. Hata ungeshinda nisingekwambia."

Spika akafungua kitabu, akakifunga tena.

"Kura saba," akasema. "Tangu asubuhi namtazama kila mtu usoni. Na kila mtu anaapa alinipa mimi. Nikizijumlisha hizo za viapo, nimeshinda kwa mia nne."

Fundi akacheka kabla hajajizuia. Akasikia pua ya Spika ikivuta, kisha naye akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Wewe peke yako ndiye hujaniapia," akasema. "Haya, kaa nayo. Tulifika ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Sura imebaki ndefu. Wanasema Jumamosi hii maktaba itakuwa wazi. Nitakuja tuimalize."

Fundi akaachia ukingo wa kiti. Matundu yale alikuwa ameyahesabu mara tatu, na kila mara yalitoka hesabu tofauti.

"Soma," akasema.