Kitambaa Chini ya Kidevu

Nilikuwa mbele ya nyumba yangu, hapa Baraka, nachambua samaki wadogo wa ndagala kwenye turubai ya shitingi. Telefone ikalia, nikapokea, video ikafunguka: binti yangu wa kwanza, yule anayeishi Ulaya. Amelala, uso umevimba, kitambaa cheupe kimepita chini ya kidevu na kufungwa juu ya kichwa.

Kwetu muntu akifungwa hivyo, amekufa. Tunamufunga ili kinywa kisibaki wazi. Mama yangu nilimufunga mimi mwenyewe, kule Lweba.

Sikungoja. Telefone niliitupa ndani ya ndagala, nikapiga kelele. Bamama wa jirani bakaja mbio, mumoja na mwiko mukononi, bakaanza kulia kabla ya kujua banamulilia nani. Mara sauti ikatoka ndani ya samaki: "Mama! Niko muzima! Nitoe humu!"

"Maiti yako inaongea, bibi," wa mwiko akanicheka.

Binti akanieleza. Daktari ameingiza kauzi kembamba kama unywele chini ya ngozi. Kanatoa mwanga wa moto, na nyama iliyolegea kidevuni inajikaza, bila kisu. Kitambaa kinashikilia mpaka uvimbe uishe.

"Kama bale banaounga milango ya chuma sokoni?"

"Karibu hivyo, mama."

"Na we ulienda na miguu yako, ukachomwe?"

"Kazini kila asubuhi bananiuliza kama nimechoka. Sijachoka. Ni uso tu."

Uso huo ni wangu. Mashavu yetu yanashuka mapema, na mama yangu alikuwa nayo. Tulipokimbia vita mpaka Ubwari, ng'ambo ya maji, mwanamuke mumoja asiyewahi kuniona hata siku moja alinishika kidevu: "We ni mutoto wa yule mama wa Lweba!" Akatupatia pa kulala na chakula. Mashavu haya siyaonei haya.

Lakini kule Ulaya nani atamushika kidevu?

"Uso ni wako," nikamuambia. "Fungua kidogo nikuone."

Akafungua. Nikaona. Akaanza kufunga tena, mwenyewe. Nikamukumbuka rafiki yangu tuliyemuzika juzi. Batoto bake bote bako mbali, mazishi balitazama kwenye telefone tu.

"Sasa unajua kufunga," nikasema. "Siku yangu ikifika usitume muntu. Uje we mwenyewe."

Wa mwiko akashusha mwiko wake.

"Nitakuja, mama."

"Basi kaza. Upande wa kushoto iko inalegea."